Maji ya Malisho Yanapotelea Wapi?

Ukimuuliza mfugaji wa ng'ombe wa maziwa maji yake yanapotelea wapi, mara nyingi atakupeleka kwenye banda la kukamulia. Atakuonyesha koki inayodondosha, mpira uliopasuka, na sakafu inayooshwa mara mbili kwa siku kwa maji mengi kuliko inavyohitaji. Hakosei kukasirishwa na koki. Ila tukikaa chini na kalamu, hesabu inatutoa bandani na kutupeleka malishoni.

Ng'ombe anayekamuliwa hunywa lita 60 hadi 120 kwa siku, kutegemea joto, maziwa anayotoa na ukavu wa chakula chake. Sasa tazama upande wa pili. Milimita moja ya maji ikitandazwa juu ya hekta moja ni lita 10,000. Siku ya jua kali, nyasi zilizostawi zinaweza kutumia milimita 5, yaani lita 50,000 kwa kila hekta. Kama hekta hiyo inalisha ng'ombe wanne, kila mmoja ana lita 12,500 nyuma ya majani anayokula siku hiyo. Koki inayopoteza ndoo kumi za lita 20 kwa siku imemwaga lita 200. Zitandaze kwenye hekta ile ile utapata milimita 0.02, ambazo hata sisimizi hangelowa miguu.

Tengeneza koki, bila shaka. Lakini palipo na umwagiliaji, maji ya shamba la maziwa yanaokolewa au kupotezwa kwenye nyasi.

Ufanisi wa nini hasa?

Neno "ufanisi" limebeba mambo matatu ambayo wauza mitambo hupenda kuyachanganya. La kwanza ni safari: kati ya maji yaliyotoka mtoni, bwawani au kisimani, mangapi yamefika malishoni? Mfereji wa udongo hunywa maji njiani, na bomba la zamani huvuja kwenye viungo. La pili ni kutua: kati ya yaliyofika, mangapi yamebaki pale mzizi unapoweza kuyavuta? La tatu ni mavuno: kati ya yaliyovutwa na mzizi, umepata kilo ngapi za majani, na hatimaye lita ngapi za maziwa? Kila swali lina dawa yake. Anayenunua mashine mpya ya kunyunyizia ilhali mfereji wake unakunywa sehemu kubwa ya maji njiani amefunga bandeji kwenye mguu usio na kidonda.

Tuelewane pia juu ya jambo moja ambalo huleta ubishi. Maji yanayopita mwilini mwa nyasi na kutoka kama mvuke hayajapotea. Jani lina vitundu vidogo sana. Kupitia vitundu hivyo kabonidioksidi huingia, na kupitia mlango huo huo mvuke hutoka. Jani haliwezi kupokea mgeni mmoja na kumzuia mwingine asitoke. Nyasi ikishikwa na kiu hufunga vitundu, na papo hapo huacha kukua. Kwa hiyo anayekuahidi kupunguza maji yanayotumiwa na nyasi zako, bila kugusa aina ya nyasi wala ukuaji wake, muulize mara mbili.

Tunayoyatafuta ni maji ambayo hayakupata kupita kwenye mmea kabisa: yaliyotiririka juu ya ardhi hadi mtaroni, yaliyopeperushwa na upepo, yaliyoangukia njia ya ng'ombe, na yaliyozama chini ya mizizi. Hayo ya mwisho ndiyo mwizi mkubwa, na mara nyingi ndiye asiyeshukiwa, kwa sababu malisho yanayomwagiliwa kupita kiasi huwa na rangi nzuri.

Tumbo la udongo

Udongo ukimwagiwa maji mengi, yanayozidi hushuka kwa uzito wake ndani ya siku moja au mbili, kisha unabaki umeshiba. Kuanzia hapo nyasi huvuta. Mwanzoni huvuta kwa raha. Kadiri udongo unavyokauka, maji yanayobaki yanazidi kung'ang'ania punje za udongo na mizizi inahangaika. Mwisho inashindwa, nyasi zinanyauka, ingawa ukichimba bado utagusa ubichi. Maji yote yanayofaa yako kati ya kushiba na kunyauka, na ni takribani nusu ya kwanza tu ambayo nyasi huinywa bila kupunguza mwendo. Mfugaji anayesubiri nyasi zibadilike rangi ndipo afungue maji amekwisha kupoteza siku kadhaa za ukuaji.

Sasa namba. Udongo wa kichanga hushika takribani milimita 60 hadi 100 za maji yanayofaa katika kila mita ya kina. Tifutifu nzuri hufika 150 au zaidi. Lakini nyasi zinazolishwa kila wiki chache hazina mizizi mingi ya kufika mita. Raigrasi, ambayo ni nyasi kuu ya mashamba mengi ya maziwa katika nchi za baridi, huweka sehemu kubwa ya mizizi yake kwenye sentimita 30 hadi 40 za juu. Chukua sentimita 40. Kwenye tifutifu ya 150 hapo kuna milimita 60, na nusu yake ni 30. Kwenye kichanga cha 80 kuna milimita 32, na nusu yake ni 16.

Hapo ndipo mambo huharibika kimyakimya. Tuseme vinyunyizi vya kuhamisha kwa mkono vimelazwa sehemu moja usiku kucha, kwa kuwa hakuna anayetaka kuamka saa saba za usiku kwenda kuvisogeza, na kufikia asubuhi vimemwaga milimita 40 kwenye kichanga kile. Hata kama nyasi zilikuwa zimemaliza milimita zote 16 za raha, milimita 24 hazina pa kukaa kwenye nafasi hiyo. Ni lita 240,000 kwa hekta, zimekwenda kwa usiku mmoja, bila dimbwi wala tope la kukushtua. Dawa ya kichanga ni kidogo na mara kwa mara. Tifutifu na mfinyanzi huvumilia dozi kubwa na mapumziko marefu. Shamba lenye udongo wa aina mbili linalopewa dozi moja lazima upande mmoja uumie.

Kulijua tumbo la udongo wako hakuhitaji maabara. Chukua jembe au sepeto, chimba shimo la sentimita 60, na utazame ukuta wake. Mizizi myeupe inaishia wapi? Je, kuna tabaka gumu kwenye sentimita 10 au 15, lililoshindiliwa na kwato, ambapo mizizi imepinda na kwenda pembeni kama iliyokutana na sakafu? Kama lipo, tumbo lako ni dogo kuliko jedwali lolote linavyosema. Kisha chukua udongo wa kina cha mizizi, uubane kiganjani. Tifutifu yenye maji hushika umbo la bonge na kuacha ubichi mkononi. Ikimong'onyoka ukiigusa kwa kidole gumba, umechelewa. (Kichanga hakishiki bonge vizuri hata kikiwa na maji, kwa hiyo usikitumie kipimo hicho hicho.) Siku moja baada ya kumwagilia, chimba tena karibu na hapo. Kama udongo wa sentimita 60, chini ya mizizi yote, una maji kuliko ulivyokuwa kabla hujamwagilia, basi maji yako yako safarini na hayarudi.

Daftari la milimita

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mali inayostahili msemo huo kuliko maji ya ardhini. Ukishajua tumbo linabeba kiasi gani, kilichobaki ni kuandika kinachoingia na kinachotoka.

Kinachotoka ndicho hutisha watu, lakini kwa mfugaji ni rahisi kuliko kwa mkulima mwingine yeyote. Katika mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa mwaka 1998, unaotumika karibu kila mahali duniani, kipimo cha msingi cha kiu ya hali ya hewa ni shamba la kufikirika la nyasi zenye urefu wa sentimita 12, zinazokua vizuri, zimefunika ardhi yote na hazijapungukiwa maji. Jua, joto, upepo na unyevu wa hewa vinaingizwa kwenye fomula, na kinachotoka ni milimita ambazo nyasi hizo zingetumia siku hiyo. Mwenye nyanya au mahindi lazima azidishe kwa namba nyingine ili alipate zao lake. Wewe kipimo chenyewe ni malisho. Vituo vingi vya hali ya hewa hutoa namba hiyo kila siku. Kumbuka tu kwamba kipande ambacho ng'ombe wametoka jana, chenye vishina na udongo unaoonekana, hutumia pungufu kwa siku kadhaa hadi majani yarudi.

Tuone wiki moja ya mfano kwenye tifutifu yetu yenye milimita 30 za raha. Deni ni milimita zinazopungua ili udongo ushibe tena. Jumatatu udongo umeshiba: deni sifuri. Nyasi zinatumia 5 kwa siku, kwa hiyo Ijumaa asubuhi deni ni 20. Mtambo unatoa 15. Unamwagilia siku hiyo, deni linashuka hadi 5, na nafasi hiyo ya milimita 5 unaiacha wazi kwa makusudi. Jumamosi deni ni 10, usiku inanyesha mvua ya milimita 12. Karibu yote imepata pa kukaa. Jirani aliyejaza udongo wake hadi pomoni siku ya Ijumaa amepata mvua ile ile, na sehemu kubwa yake imepita tu.

Daftari hilo linaonyesha pia kosa la upande wa pili, la kuanza kwa kuchelewa. Mitambo mingi imejengwa kutoa chini ya kile ambacho nyasi hutumia siku za joto kali. Tuseme wako unaweza milimita 4 kwa siku na nyasi zinataka 6. Kila siku unabaki nyuma kwa 2. Ukiingia kwenye joto hilo udongo ukiwa umeshiba, una siku 15 kabla ya kuimaliza akiba ya 30. Ukiingia na deni la 20 tayari, una siku 5, na baada ya hapo hata mtambo ukizunguka usiku na mchana hutafikia hadi mvua ije. Ndiyo maana wanaochelewa kufungua kinyunyizi kwa hofu ya kupoteza maji mwanzoni mwa kiangazi huishia kumwaga mengi zaidi baadaye, juu ya nyasi zilizokwisha kukata tamaa.

Vihisi vya kuzikwa ardhini vinasaidia kulisahihisha daftari, nami sina ugomvi navyo. Ila kihisi kimoja kilichozikwa pale palipo rahisi kufika, karibu na geti ambapo ng'ombe wote hukanyaga, kitakudanganya kwa ujasiri mkubwa.

Makopo kumi na sita

Mpaka hapa tumejifanya kwamba mtambo uliowekwa utoe milimita 12 hutoa 12 kila mahali. Hautoi. Na ukiniuliza kipimo kimoja ambacho kila mwenye malisho ya kumwagilia angepaswa kukifanya kabla ya kununua chochote, nitakuambia makopo.

Tafuta makopo 16 yanayolingana, yenye kuta zilizonyooka. Yapange kwa mstari ulionyooka kukatiza njia ya mtambo, kwa nafasi sawa, kila moja likiwa limetulia wima na nyasi zinazolizunguka zimefyekwa zisiingize matone wala kuyazuia. Acha mtambo upite kabisa. Kisha tembea na rula kabla jua halijakausha kitu, ukiandika. Tuseme umepata hivi, kwa milimita: 14, 13, 15, 12, 9, 7, 8, 11, 13, 14, 16, 15, 13, 12, 8, 12.

Wastani ni 12 kamili. Mwenye kusoma wastani peke yake anarudi nyumbani ameridhika. Lakini chukua robo ya makopo iliyopata kidogo zaidi: 7, 8, 8 na 9. Wastani wao ni 8. Nane kwa kumi na mbili ni asilimia 67, na namba hiyo ndiyo picha ya ulinganifu wa mtambo wako. Robo ya malisho inapata theluthi mbili tu ya unachodhani unaipa. Macho yako yataiona robo hiyo ikipauka, na utafanya kile ambacho kila mtu hufanya: utaongeza maji. Ili robo kavu ipate 12, lazima mtambo wote utoe wastani wa 18, na lile kopo la 16 sasa linapata 24. Umelipia nusu nzima ya ziada ili kutibu ugonjwa wa robo. Njia hii ya makopo si ngeni, J. E. Christiansen wa California alichapisha fomula yake ya kupima ulinganifu wa vinyunyizi mwaka 1942, na bado inatumika. Kwa kipimo cha robo tulichotumia hapa, mtambo unaotoa zaidi ya asilimia 80 uko sawa. Ukishuka chini ya 70, kuna kitu kimechoka.

Mara nyingi kilichochoka ni nozeli, ile ncha yenye tundu la kurushia maji. Mchanga ulio ndani ya maji huitafuna shaba na plastiki pole pole. Tundu la milimita 5 likipanuka hadi 5.5, macho hayatambui, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 21 na maji nayo vivyo hivyo presha ikiwa ile ile. Presha nayo ina tabia yake: ikishuka kwa asilimia 20, maji yanayotoka yanashuka kwa asilimia 11 hivi, na zaidi ya hapo matone yanakuwa makubwa na kushindwa kufika mbali, kwa hiyo duara la kila kinyunyizi linapungua na kuacha mapengo. Ukiona mistari ya kijani na ya manjano inayopishana kwenye malisho, usikimbilie mbolea. Pima presha ya mwisho wa bomba kwanza.

Mtambo wa kuzunguka, yaani mkono mrefu wa bomba unaozunguka nguzo ya katikati, ambao Frank Zybach wa Colorado alipata hataza yake mwaka 1952, una mtego wa kijiometri unaowapata hata watu makini. Chukua mkono wa mita 400 unaofunika hekta 50. Mita 40 za kwanza karibu na nguzo ya katikati zinamwagilia nusu hekta tu. Mita 40 za mwisho kule nje zinamwagilia hekta tisa na nusu, karibu asilimia 19 ya shamba lote. Nozeli mbaya karibu na nguzo ni kero. Nozeli mbaya kwenye ncha ni hasara. Tena kwa kuwa ncha inakwenda mbio, inalazimika kumwaga maji yake kwa muda mfupi sana, na kwenye udongo mzito ndiko utakuta maji yakitiririka kabla hayajapenya. Ukiweka makopo chini ya mtambo huu, kopo la nje lina uzito kuliko la ndani kwenye hesabu, kwa sababu linawakilisha eneo kubwa zaidi.

Kuhusu mvuke, watu huogopa matone kukaukia hewani mchana. Hasara hiyo ipo, lakini kwa kawaida ni ndogo kuliko sifa zake. Upepo ndio mbaya zaidi, kwa sababu unavuruga mpangilio mzima wa matone na kukurudisha kwenye tatizo la makopo. Kumwagilia usiku ni kuzuri hasa kwa kuwa usiku mara nyingi hewa imetulia.

Wanaomwagilia kwa kufurika, maji yakishuka kwenye majaruba marefu, makopo hayawahusu. Kwao kila kitu ni muda: maji yakienda taratibu mno, kichwa cha jaruba kinakunywa kwa saa nyingi huku mkia ukisubiri. Ardhi iliyosawazishwa kwa leza, mkondo mkubwa unaofunguliwa kwa muda mfupi, na bwawa dogo mkiani la kukusanya masalia ili yapandishwe tena, vinaweza kuifanya mifereji ishindane na mitambo ya bei kubwa, mradi udongo uwe mfinyanzi. Kwenye kichanga, sahau.

Kwato, mkojo na tope

Yote niliyosema hadi sasa mkulima wa nyasi za kuuza angeyatumia pia. Shamba la maziwa lina jambo la ziada: juu ya zao kuna wanyama wa kilo mia tano.

Ng'ombe amesimama kwenye kwato nne ndogo, na uzito wake kwa kila sentimita ya mraba huzidi ule wa tairi la trekta. Kwenye udongo mkavu kiasi hakuna neno. Kwenye udongo uliomwagiliwa jana, kwato huzama, vinyweleo vya udongo huzibwa, na safari ijayo maji yatatiririka juu badala ya kupenya. Kwa hiyo ratiba ya maji lazima ifuate ratiba ya malisho. Kama kundi linazungushwa kwenye vipande na kurudi kila kimoja baada ya siku 21 au 28, mwagilia nyuma ya kundi, siku moja au mbili baada ya kutoka, na uache mapengo mbele yake. Inasikika rahisi, ila mtambo wa kuzunguka hufuata duara lake na vipande vya malisho hufuata uzio, na aliyechora uzio mara nyingi hakuwahi kuongea na aliyefunga mtambo. Nimeona mahali ambapo dawa haikuwa kifaa chochote kipya: waliuchora uzio upya, vipande vikawa kama vipande vya keki kuizunguka nguzo, na ng'ombe wakaanza kutangulia mkono wa mtambo.

Halafu mkojo. Pale ng'ombe anapokojolea, nitrojeni inayoshuka kwenye kidoa hicho kidogo ni sawa na kilo 500 hadi 1,000 kwa hekta, kiasi ambacho nyasi za hapo haziwezi kukimaliza. Inageuka kuwa nitrati, na nitrati husafiri na maji. Zile milimita 24 zilizozama usiku kucha zinaibeba hadi kwenye maji ya chini ya ardhi, ambayo pengine ndiyo ya kisima cha kunywa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita ya maji ya kunywa. Kwa hiyo maji yaliyozama yamekuibia mara mbili, maji yenyewe na mbolea uliyoilipia kupitia chakula cha ng'ombe.

Maji machafu ya bandani yanastahili kurudi malishoni kwa sababu hiyo hiyo, yana nitrojeni na potasiamu. Yachujwe kwanza yasizibe nozeli, yamwagwe kidogo kidogo pale daftari linapoonyesha kuna nafasi, na kamwe yasimwagwe juu ya udongo ulioshiba kwa vile tu shimo limejaa.

Kila tone limezaa nini?

Swali la tatu, la mavuno, linakupeleka kwenye uchaguzi wa chakula. Mahindi na matete yako kwenye kundi la mimea iitwayo C4, ambayo hunasa kabonidioksidi kwa ustadi zaidi na hivyo vitundu vya majani vinafunguka kidogo. Kwa kila lita inayopita mwilini, hutengeneza takribani mara mbili ya majani makavu kuliko raigrasi. Mtu akisikia hivyo hutaka kulima malisho yote apande mahindi ya silaji. Angoja kidogo. Mahindi yana protini ndogo, yanahitaji kukatwa, kubebwa na kufukiwa, na huacha ardhi tupu baada ya kuvunwa. Lusini, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ina protini ya kutosha na mizizi inayoweza kupita mita mbili, kwa hiyo tumbo lake ni kubwa na hukomboa maji ambayo raigrasi imeyaacha, lakini haipendi miguu kwenye maji wala kulishwa bila mapumziko. Raigrasi yenyewe joto likipita nyuzi 30 huacha karibu kabisa kukua hata ukiimwagilia. Kuipa maji siku hizo ni kuiweka hai tu.

Maji yakiwa haba, wengi huyagawa kidogo kidogo kila kipande kipate. Ni haki, lakini si hesabu. Afadhali kuvipa vipande bora, vyenye udongo mzuri na ulinganifu mzuri, maji yao kamili, na vingine kuviacha vilale hadi mvua.

Na kila milimita ina umeme au dizeli nyuma yake. Kupandisha milimita 10 za hekta moja kwa mita 50, ukijumlisha kina cha kisima na presha ya mtambo, hula karibu uniti 23 za umeme kama pampu na mota kwa pamoja vina ufanisi wa asilimia 60. Kuteremsha presha ya mtambo kutoka baa 4 hadi 2 kwa nozeli zinazostahimili presha ndogo hupunguza mita 20 hivi za kupandisha. Mara nyingi bili ya umeme humshawishi mfugaji haraka kuliko hotuba yoyote ya mazingira.

Okoa, halafu?

Mwaka 1865 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliandika kwamba injini za mvuke zilizokula makaa kidogo zaidi zilikuwa zimeifanya Uingereza itumie makaa mengi zaidi, kwa sababu kila kazi ilikuwa imekuwa rahisi kufanywa kwa makaa. Maji yana ugonjwa huo huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wakulima wa Kansas, Marekani, ulikuta kwamba waliobadili mitambo yao ya kuzunguka na kuweka nozeli za kushushwa karibu na ardhi waliishia kuvuta maji mengi zaidi kutoka ardhini, kwa sehemu kwa kuwa walihamia mazao yenye kiu.

Kuna na jambo gumu zaidi. Maji yaliyozama chini ya nyasi zako hayajatoweka duniani. Pengine yanaibukia kwenye chemchemi ya jirani wa chini. Ukiyazuia yote na kuyatumia kuongeza hekta mbili za malisho, shamba lako litakuwa na ufanisi wa kupigiwa mfano, na bonde zima litakuwa na maji pungufu. Hivyo jirani wa chini ana haki ya kuuliza: uliyookoa umeyaacha mtoni, au umeyapandia nyasi?

Jibu la kweli liko kwenye mita ya maji. Mita hiyo hiyo inakusaidia na jambo dogo la kumalizia, ambalo huchukua dakika tano. Soma mita kabla na baada ya zamu moja. Tuseme imepita mita za ujazo 30 kwa saa, kwa saa 10: ni 300. Kipande ni hekta 2, yaani mita za mraba 20,000. Gawanya, utapata milimita 15. Kisanduku cha mtambo kinasema 12. Kabla hujamwita fundi wa mtambo, nenda na kamba ukapime kama zile hekta mbili ni mbili kweli.